Ukara: udongo ule wa kichanga unalishaje watu wengi hivyo?

Mdau wa Ziwa: Wakuu, kisiwa cha Ukara kule Ukerewe, Ziwa Victoria, kina kama kilomita za mraba 80 tu, na sehemu kubwa ni miamba na udongo wa kichanga. Lakini mashamba yanalimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzishwa. Wakara wanafanyaje? Na kufika huko njia ni ipi?

Jembe Kali: Mkuu, anza na ng'ombe. Kwa desturi ya Wakara hachungwi ovyo, anafungwa ndani kwenye zizi lenye sakafu iliyochimbwa chini, anakatiwa majani na kutandikiwa nyasi. Matandiko yananyonya mkojo, mvua haisombi kitu. Yakijaa yanachimbuliwa na kupelekwa shambani. Kichanga hakishiki rutuba, kwa hiyo samadi inarudiwa kila mara. Ukiruka msimu, uwele unakuonyesha.

Marejea: Samadi peke yake haitoshi. Uwele ukishasimama, mbegu za marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, zinamwagwa katikati ya mistari. Uwele unavunwa, marejea inabaki inakua, kisha inafukiwa kabla ya msimu unaofuata. Kosa la wengi wanaoiga ni kuichelewesha: ifukie inapoanza kutoa maua, shina likiwa bado laini. Ikishakuwa ngumu kama kuni inachelewa kuoza, na mazao yanageuka njano kwa kukosa naitrojeni. Ipe wiki 2 au 3 ndipo upande. Acha kipande kidogo kikomae kwa mbegu, na mifugo isizile, kwani marejea nyingi zina sumu. Njugu mawe na mtama navyo vina zamu yao kwenye mzunguko wa miaka 3.

Jembe Kali: Naongezea: kinachobana ni malisho, siyo ardhi peke yake. Ndiyo maana nyasi zinapandwa kwenye mitaro kando ya ziwa, na kwenye miteremko mawe yanapangwa matuta kuzuia udongo. Hiyo ni kazi ya mikono, na ndiyo gharama yenyewe.

Abiria: Njia: meli Mwanza hadi Nansio, kama saa 3, au barabara ya Bunda hadi Kisorya kisha pantoni kwenda Rugezi. Kutoka hapo, gari hadi Bugolora, halafu kivuko cha kwenda Bwisya. Kwenye njia hiyo ndipo MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, ikakatisha maisha ya zaidi ya watu 220; uwezo wake ulikuwa abiria 101. Chombo kikijaa, shuka usubiri kinachofuata.