Mnamfunga mbwa mnyororo, mnampa wali na kabichi, kisha mnaita huruma?

Uzi huu ni wa wenye nyumba za kukodisha na vihoteli vya pwani, hapa Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Jambiani, na wa wale wa mjini walioiga kwao. Atakayekereka na akereke, ndiyo nia yenyewe.

Mnafuga mbwa wa ulinzi. Geti lina kufuli, mbwa ana mnyororo. Asubuhi mlinzi wa geti anaachiwa sufuria ya wali wa jana na kabichi ya kuchemsha amlishe mbwa, na ukutani pamebandikwa karatasi: hapa hakuna nyama, hakuna samaki, hatuli viumbe. Wewe usile, tumbo ni lako. Mbwa hakula kiapo hicho. Mbwa wa mtaani akikosa hapa anakwenda kufukua jaa la Darajani, au anashuka pwani wakati vyombo vinaingia, atapata utumbo wa samaki. Huyu mliyemfunga hana pa kwenda. Chochote kisichomo kwenye bakuli lake, basi hakipati.

Tuelewane kwanza, mbwa si paka. Paka bila nyama au samaki anaharibikiwa macho na moyo, maana mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini, kirutubisho cha viungo hivyo. Mbwa anajitengenezea, na wanga uliopikwa anausaga vizuri tu. Utafiti wa vinasaba wa 2013 ulionyesha mbwa amezidi mbwa mwitu katika uwezo huo. Kwa hiyo wali si sumu kwake. Ila taurini haitoki hewani. Mwili unaiunda kutokana na methionini na sisteini, chembe mbili za protini, na hizo ndizo chache kwenye kunde, mbaazi na maharage. Vitamini B12 kwenye majani na nafaka hamna kabisa. Vitamini D mbwa haipati kwa kuota jua kama sisi, lazima aile. Sasa kwenye wali na kabichi anaila wapi?

Hebu tupige hesabu. Mbwa mzima wa kilo 15 anataka kalori kama 900 kwa siku. Ukimpa ugali wa sembe mtupu, unga gramu 250 unazifikia hizo kalori. Tumbo limejaa, mnaona kazi imekwisha. Protini iliyomo ni kama gramu 20, nayo ya ugali ni dhaifu, lisini, chembe nyingine ya protini, imo kidogo. Viwango wanavyofuata watengenezaji wa chakula cha mbwa vinataka kama gramu 40 kwa kalori hizo. Kalisi, madini ya mifupa, anatakiwa apate kama gramu 1. Kwenye huo ugali haifiki miligramu 50. Yaani hata sehemu moja ya ishirini haipo! Mwezi wa kwanza hamtaona kitu. Baadaye manyoya yanapauka na kunyonyoka, kidonda kidogo hakifungi, misuli ya mapaja inakwisha, na nyie mnasema mbwa mvivu, usiku habweki.

Na huo unga wenyewe mnaompa ni upi? Ule ulioingia maji ya mvua, umeshika ukungu, "huu wa mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haifi kwa kupikwa. Inakwenda kwenye ini, na mbwa anadhurika nayo upesi kuliko wanyama wengi. Unga ulionuka uvundo tupeni, hata kuku msiwape.

Najua mtaniletea habari za Ulaya. Ndiyo, mbwa anaweza kuishi bila nyama, sibishi. Chama cha madaktari wa wanyama cha Uingereza kiliacha kuupinga mlo huo mwaka 2024. Lakini walichokubali ni mlo uliopimwa ukakamilika: umetiwa methionini au taurini, B12, vitamini D, zinki, kalisi kwa kipimo. Si kabichi. Kama mna pesa ya kuagiza chakula hicho kwa meli mwaka mzima bila kukatika, na mkojo wa mbwa unapimwa (mlo wa majani huufanya upoteze ukali wa asidi, vijiwe vikajijenga kwenye kibofu, dume akawa anainua mguu anakamua matone), fanyeni. Kama hamna, msimfanyie mbwa majaribio ya imani yenu. Watoto wa mbwa na jike anayenyonyesha msiwaguse kabisa kwa mlo wa kubahatisha.

Nyie wa nyama tupu huko nyuma msicheke. Steki isiyo na mfupa ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalisi. Mtoto wa mbwa akilelewa kwa nyama hiyo, mwili unachota kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe, ikawa laini. Anaruka ngazi mbili, mguu umevunjika. Na mapafu na maini mabichi kutoka machinjioni msimrushie. Kama yana vifuko vya maji, ndani mna tegu ambaye mbwa atamlea kisha awaambukize nyie na watoto wenu kwa kinyesi. Chemsheni nusu saa, maji yakitokota kwelikweli. Ini lisiwe kila siku, kipande kidogo mara mbili kwa wiki kinatosha.

Chakula kipo hapa hapa na hakina ufundi. Kwa huyo wa kilo 15, kwa siku: dagaa wakavu gramu 80, mchele gramu 150, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, na boga au mchicha uliopondwa kiasi cha kiganja. Gawa mara mbili. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo usiwatie sufuriani hivyo hivyo. Wapepete kwanza, mchanga na vijiwe vitoke. Loweka kwenye lita moja ya maji nusu saa, mwaga, rudia mara ya pili, onja maji. Yakiwa bado makali ya chumvi rudia tena. Kisha chemsha dakika kumi, vunjavunja ndani ya wali. Dagaa mzima ana mifupa yake, kalisi imo humo, usiongeze kitu. Ukitumia mnofu wa samaki au nyama badala ya dagaa, gramu 250, hapo ndipo unatia nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa yakawa unga. Si vipande, unga.

Vitunguu maji na thomu visiwemo, hata vya kwenye mchuzi, vinaharibu damu yake. Na wali wa nazi wa harusi msimmwagie sinia zima. Mafuta mengi kwa mpigo yanaichoma kongosho, atatapika siku tatu.

——

Jibu, kutoka Mkokotoni:
Hesabu nimezikubali, ila dagaa ni kitoweo cha maskini. Kilo mbili na ushee kwa mwezi kwa mbwa mmoja, na jirani anakula wali kwa chumvi? Hilo nalo si dhambi?

——

Mwenye uzi:
Hoja ya haki, na ndiyo inayowaumbua hawa wa kabichi. Kama kinachowauma ni roho ya mnyama, basi chukueni kile ambacho hakikuuliwa kwa ajili ya mbwa. Hoteli hiyo hiyo wageni wake wanapikiwa minofu ya nguru na changu kwa jirani. Vichwa na mifupa ya mgongo inakwenda wapi? Soko la samaki Malindi vitu hivyo havikosekani. Hakuna samaki hata mmoja atakayevuliwa zaidi.

Ila kichwa kina kazi. Pasua koo utazame ndoana, wa mshipi mara nyingi anakuja nayo, na mbwa hatafuni, anameza. Toa matamvua. Tia kwenye sufuria ya presha saa moja hadi saa moja na nusu, mpaka mfupa ukiubana kwa vidole unakuwa uji. Usipokuwa na presha, chemsha, chambua mnofu, mifupa itupe, tia unga wa maganda ya mayai. Mfupa wa kuku uliopikwa kawaida unapasuka vipande vyenye ncha, huo kamwe. Bunju hata kichwa chake kisikaribie. Na mabaki ya kasa msithubutu kusema "tumpe mbwa". Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024, watoto wanane na mama mmoja walikufa kwa nyama ya kasa, na sumu yake kupika hakuiondoi.

——

Jibu, kutoka Chake:
Mmemsahau mlinzi. Mwislamu, anaswali tano, mnamwambia amlishe mbwa kwa sufuria anayopikia chai yake. Mate ya mbwa ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana chakula kinatupwa kwa mbali, kinamwagika mchangani, mbwa anakula na mchanga. Si kwamba hana huruma. Hadithi ya aliyeteka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu tumeisoma chuoni sote.

——

Mwenye uzi:
Kweli, hilo nililipita. Basi sufuria ya mbwa iwe yake peke yake, ipikiwe nje, na upawa wenye mpini mrefu. Bakuli liwe zito, la saruji, limejengewa palepale ambapo mnyororo unafika, ili mlinzi amimine bila kuliokota. La maji lingine kando, libadilishwe asubuhi na alasiri. Gharama ya yote hayo haifiki ya usiku mmoja wa mgeni wenu.