Kiwanja kilichokuwa na drai klina, Mwanza: kisima kinafaa?

Kirumba_Juu
Wakuu, kuna kiwanja kinauzwa bondeni, karibu na mto Mirongo. Zamani palikuwa na drai klina ya mashine, sasa imebaki sakafu na karo. Nataka kujenga nyumba ya wapangaji na kuchimba kisima. Muuzaji anasema zege ni nene, hakuna dawa ya kufulia iliyopita. Nipime nini?

MtuWaMiamba
Kwanza ulizia walitumia dawa gani. Drai klina nyingi za mjini hufua kwa maji na sabuni, hapo huna kesi. Waliotumia dawa za jamii ya mafuta ya taa, uchafu wake huelea juu ya maji. Balaa ni ile ambayo madumu yake yameandikwa PERC au PCE, majina mawili ya kemikali moja yenye klorini. Lita moja ina kilo 1.6, kwa hiyo huzama mpaka mwamba, na mwamba wa Mwanza ni itale lenye nyufa. Ikishaingia humo haitoki leo wala kesho. Marekani wanaruhusu mikrogramu 5 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu, lita moja ya dawa inaharibu lita milioni 320 hivi.

Zege si kinga. PCE hupenya polepole, na kwenye ufa au maungio hupita upesi. Chimba sampuli za udongo mashine iliposimama, mlango wa nyuma yalipowekwa madumu, na kuanzia karo hadi shimo la maji taka. Usisahau bomba: maji yanayotenganishwa na dawa ndani ya mashine huonekana masafi, lakini hubeba hadi miligramu 150 kwa lita, na mengi huishia kumwagwa karoni.

Sampuli40
Naongeza kuhusu maji. Chupa ziwe za kioo, ml 40, kizibo chenye Tefloni. Jaza mpaka mdomoni, funga, igeuze: ukiona kiputo, rudia. Weka kwenye barafu, nyuzi 4. Ikiwa maabara imekupa chupa zenye asidi una siku 14, bila asidi siku 7. Chupa ya plastiki ya dukani itakupa jibu zuri la uongo, kwa sababu dawa hupeperuka.
Mwambie mpimaji atafute pia vinyl kloridi. PCE ikioza bila hewa inaweza kuishia huko, na ni mbaya kuliko yenyewe.

Kirumba_Juu
Nikichimba mita 80 niupite huo uchafu?

MtuWaMiamba
Hapana mkuu, hapo unaitobolea njia ya kushuka. Usitoboe kabla ya majibu. Kibali cha kisima kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Waeleze historia ya kiwanja.

Karani_wa_Ardhi
Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema anayechafua ndiye alipe, na NEMC (baraza la taifa la mazingira) inaweza kutoa amri ya kurejesha eneo. Ila usitegemee kumpata mwenye drai klina aliyehama. Andika kwenye mkataba kwamba muuzaji analipia vipimo, na malipo ya mwisho yasubiri majibu.
Uchafu ukithibitika, udongo wa juu huchimbwa na kusafirishwa na mwenye kibali cha taka hatarishi. Usikubali kifusi kipelekwe kufukia mashimo ya barabara. Nyumba ikijengwa, weka chini ya sakafu kokoto na bomba la inchi 4 lenye feni, lipande hadi juu ya paa, la sivyo mvuke utaingia vyumbani.