Kalamu ya kwanza ya wino: Safari, Metropolitan au Eco?

Mgeni_wa_Nibu
Wakuu, habari zenu. Biro imenichosha, nataka kuhamia kalamu ya wino, ile yenye nibu (ncha ya chuma). Baada ya kusoma sana nimebaki na tatu: Lamy Safari, Pilot Metropolitan na TWSBI Eco. Naandika kurasa mbili tatu kila siku, mwandiko wangu ni mdogo, na mkono wangu mzito: biro naikandamiza mpaka ukurasa wa chini unabaki na alama. Nianze na ipi?

Fundi_Wino
Karibu mkuu. Kabla ya kampuni, tazama vidole vyako. Safari ipo sokoni tangu 1980, na sehemu yake ya kushikia imechongwa pande tatu ili vidole vikae mahali pamoja tu. Ukishika kalamu kwa vidole vitatu kama tulivyofundishwa shule, utaipenda. Ukishika kwa mtindo wako mwenyewe, mtagombana kila mstari. Metropolitan ni ya mviringo, haikulazimishi, ila mwili wake ni wa shaba ya manjano, kwa hiyo ina uzito kidogo.

La pili ni unene wa nibu. F (nyembamba) ya Mjapani, kama Pilot, huwa nyembamba kuliko F ya Mjerumani, kama Lamy. Kwa mwandiko mdogo, chukua F ya Pilot. Ukiitaka Safari, shuka mpaka EF (nyembamba zaidi), la sivyo matundu ya "a" na "e" yatajaa wino.

Chupa_Mezani
Mbona Eco mmeiruka? Mtu anayeandika kurasa tatu kwa siku anahitaji tangi. Eco haina katriji, kile kichupa kidogo cha plastiki kinachouzwa kikiwa na wino tayari. Unachovya nibu kwenye chupa, unazungusha kitako cha kalamu, pistoni inavuta wino. Inabeba wino mwingi kuliko katriji ya Lamy au ya Pilot, na mwili wake ni mwangavu, unaona kiasi kilichobaki. Hizo mbili nyingine kila moja inataka katriji za kampuni yake. Ukitaka kutumia chupa, lazima uwe na konveta, kibomba kidogo kinachokaa mahali pa katriji na kuvuta wino.

Fundi_Wino
Sijaiponda Eco. Lakini mtu anayeanza hupenda kubadilisha rangi kila wiki, na kuosha tangi la pistoni mpaka maji yatoke meupe kunataka subira. Konveta unaichomoa, unaisuuza, basi.

Pole_Pole
Mimi ningemwambia aanze na Platinum Preppy, ambayo hakuitaja kabisa. Ni plastiki tupu, haina madaha, lakini kifuniko chake kina kizibo cha ndani kinachobana vizuri, kwa hiyo ukiisahau kwenye droo kwa miezi bado inaandika. Unene umeandikwa kwa namba ubavuni: 03 ni nyembamba, 05 ni ya kati. Kama hobi haikukushika, hujapoteza kitu.

Karatasi_Kwanza
Mnabishana kalamu na hakuna aliyemuuliza anaandika kwenye daftari gani! Hata kalamu ya dhahabu itaonekana mbovu kwenye karatasi inayofyonza kama sifongo. Mkuu, fanya hivi: chora msalaba, mistari iende taratibu, kisha subiri ukauke. Tazama kingo kwa karibu. Zikiota vinyweleo, karatasi hiyo haifai. Geuza ukurasa, ukiona vitone upande wa pili, utaandikia upande mmoja tu. Unene pekee usikudanganye. Karatasi maarufu ya Kijapani, Tomoe River, ni gramu 52 kwa mita ya mraba, inaonyesha mpaka kivuli cha kidole, na bado wino haupenyi kirahisi, kwa sababu uso wake umetibiwa. Ila wino unachelewa kukauka.

Mgeni_wa_Nibu
Asanteni. Nina kichupa cha wino mweusi wa kuchorea, ule wa kuchovya. Naweza kuutia humo?

Fundi_Wino
Hapana, hapana, hapana! Wino wa kuchorea wa aina ya India mara nyingi una shelaki, ukikauka unaganda kama vanishi ndani ya mifereji midogo iliyo chini ya nibu, na kuutoa ni kazi. Tafuta chupa iliyoandikwa kuwa ni ya kalamu za nibu. Pelikan 4001 au bluu ya kawaida ya Waterman zinatosha, na huoshwa kwa maji baridi tu. Wino wenye vumbi linalong'aa uache kwanza.

Kuhusu mkono mzito: wino wa biro ni mzito kama grisi, ndiyo maana unasukuma. Hapa wino unashuka wenyewe nibu ikigusa karatasi. Ukikandamiza, meno mawili ya nibu yanapanuka na siku moja hayatarudi. Ilaze kalamu kidogo, iburute tu.

Mashoto_Halisi
Nadandia uzi. Sisi mashoto je? Kiganja changu kinafuta kila ninachoandika.

Karatasi_Kwanza
Inategemea mkono unapita wapi. Ukiuweka chini ya mstari, huna tatizo kubwa. Ukiukunja juu ya mstari, tumia nibu nyembamba, wino unaokauka haraka na karatasi inayofyonza kiasi. Zile karatasi laini za kifahari si zako. Lamy wana nibu ya LH kwa mashoto, na nibu za Safari zinabadilishwa.

Mgeni_wa_Nibu
Basi nachukua Metropolitan F, na wino wa bluu.

Chupa_Mezani
Sawa, japo roho inaniuma. Kagua kama boksi lina konveta. Kama halina, konveta ya Pilot iitwayo CON-40 inaingia. Na suuza kalamu kwa maji kabla ya wino wa kwanza, kisha isimamishe nibu chini kwenye tishu mpaka iache kulowa.