Binti yangu anataka shule ya upili ya mseto: maisha humo yakoje?

MamaWaMtongwe:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Binti yangu yuko Gredi ya 9 na anatamani kuendelea na Gredi ya 10 katika shule ya kutwa ya mseto iliyoko kisiwani Mombasa, kwa kuwa inafundisha njia ya sanaa na michezo, naye amejaliwa sauti ya kuimba. Baba yake angependelea shule ya bweni ya wasichana watupu. Mimi mwenyewe nilisoma na wasichana pekee, kwa hiyo sijui wavulana na wasichana huishi vipi pamoja nje ya darasa, wala sisi wazazi tuna nafasi gani humo. Naomba wenye uzoefu wanieleze.

MwalimuMstaafu:
Waalaykum salaam, mama. Nilisimamia kwaya katika shule ya namna hiyo kwa miaka mingi, na kwangu kwaya ndiyo iliyokuwa moyo wa shule. Wavulana wa kidato cha pili walikuwa wakifika sauti zikiwa zimeanza kuvunjika, nao walikuwa wakiona haya kufungua kinywa mbele ya wasichana. Namkumbuka msichana mmoja wa sauti ya kwanza aliyeacha safu yake, akaenda kuketi na wavulana wa sauti ya nne, ile nzito, akawagongea mdundo juu ya dawati kwa kidole mpaka wakaushika, na hakuna aliyemcheka yeyote. Tulikuwa tukimaliza mazoezi mapema ili kila mtoto afike kwao kabla ya maghrib, na wazazi walijua saa yenyewe. Saa hiyo iulize, maana shule isiyoweza kukutajia haijajipanga.

MzaziMwenzio:
Kuhusu nafasi yetu wazazi, Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inatoa viti 6 vya wawakilishi wa wazazi katika halmashauri ya usimamizi, na baraza la wanafunzi pia lina mwakilishi wake. Viti hivyo vina kazi kubwa. Katika shule aliyosoma binti yangu, vyoo vya wasichana vilikaa muda mrefu bila makomeo, na baadhi yao wakawa wanarudi nyumbani adhuhuri wasirejee tena, huku walimu wakidhani ni utoro. Jambo hilo lilijulikana siku mama mmoja alipolisema waziwazi mkutanoni. Jumamosi iliyofuata fundi ambaye naye ni mzazi alikuja na bisibisi yake akayafunga yote. Kwa hiyo, dada yangu, ukienda kuitazama shule, anzia vyooni.

Msomaji_Likoni:
Mimi nilivuka feri kila siku kwenda shule ya mseto. Watu wa miguu hawalipi, lakini msongamano wa asubuhi ni mzito, na tulivuka kwa kundi, wavulana kwa wasichana, ili asiachwe mtu nyuma. Mwezi wa Ramadhani wenzetu Wakristo walichukua zamu zetu za usafi za alasiri bila kuombwa. Binti yako mtafutie kundi la kuvuka nalo kabla muhula haujaanza.

MamaWaMtongwe:
Nawashukuru sana. Nimemsomea baba yake majibu yote, naye amekubali twende pamoja Alhamisi. Tutaanzia vyooni, kisha tutaomba ruhusa tukae tusikilize mazoezi ya kwaya.