Mkorogo, krimu ya tyubu, seramu au sindano ya gluta? Sendofu mwezi wa kumi, niko Dodoma

Zabibu_Tamu:
Habari za saa hizi wadau, poleni na upepo. Mi niko Dom, naishi Nkuhungu, kazi yangu ni kukusanya marejesho ya mikopo mitaani yani kutwa niko juu ya boda juani, uso na mikono imeungua hadi nikivua saa unaona rangi mbili kama bendera. Halafu nina madoa mashavuni yamekaa kama ramani, yalikuja nikiwa na mimba ya mwanangu, mtoto sa hivi ana miaka 4 anaongea kama wakili na madoa yapo palepale. Sendofu ni mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mawifi zangu wa Kondoa wote maji ya kunde, kwenye picha mi ntaonekana kama nimesimama kivulini. Msinicheke.

Nimezunguka nimepata njia nne. Kuna mkorogo wa kopo kwa dada mmoja sokoni, elfu 15, anasema siku kumi tu watu wataanza kuniuliza. Kuna kile kitubu cha boksi dogo cha famasi, elfu 3, shosti wangu anakichanganya kwenye losheni yake na kweli amekuwa mweupe. Kuna seramu ya niasinamaidi (aina ya vitamini B3) na losheni ya jua, jumla kama elfu 60. Na kuna mdada wa saluni anachoma sindano za gluta, yani glutathioni, za kung'arisha ngozi, anakufuata mpaka nyumbani, elfu 80 moja na anasema zisipungue 6.

Naomba ulinganisho kwa aliyetumia, ipi inafanya kazi kweli na ipi haitanichubua. Sitaki kuwa mzungu, nataka tofauti ionekane basi.

Kizota_Boy:
Baki ulivyo, jamaa kakupenda hivyohivyo.

Zabibu_Tamu:
Kaka hukuulizwa 😂

MamaWawili:
Mdogo wangu ngoja nikusimulie maana hiyo namba moja mi nimeitumia miaka mitatu, 2016 mpaka 2019. Nilikuwa namwona kabisa anavyoikoroga, beseni la plastiki, anafungua krimu tatu za makopo tofauti, anakamua tyubu mbili, anamimina mafuta ya chupa yana harufu ya karoti, anakoroga na mwiko, mwiko wa ugali huohuo, halafu anakuchotea kwenye kopo la siagi lililooshwa. Hamna lebo hamna tarehe. Na nisiseme uongo, ILIFANYA KAZI. Wiki ya pili mume wangu alinipita stendi.

Sasa subiri. Mwaka wa kwanza raha. Mwaka wa pili ngozi ikawa nyembamba, najifuta na taulo inachubuka, jua la saa sita la huku kwetu likinipiga uso unawaka kama nimepakwa pilipili, mapajani na kwapani michirizi mipana kama vidole. Vifundo vya vidole vikagoma, vikazidi kuwa vyeusi mpaka vinaelekea bluu. Ile wanayosema uso Fanta mkono Coca, ndo mimi. Kila mnuso nikipigwa picha mikono naiweka nyuma ya mkoba. Na nilipoacha ndo balaa lenyewe, uso ulivimba, chunusi, kuwashwa usiku, nikarudi kuwa mweusi kuliko nilivyozaliwa. Kwa hiyo hiyo elfu 15 haikuwa elfu 15, ilikuwa kila mwezi, na kuitoka ni gharama nyingine.

BintiLiwa:
Jamani mbona mmesahau vya bibi zetu? Mi mtu wa Tanga nimeolewa Dom, sisi ni singo na liwa, unajisugua wiki mbili kabla ya shughuli ngozi inakuwa kama ya mtoto. Manjano na ndimu pia, unapaka unakaa nayo.

Mfamasia_Kitaa:
Singo na liwa sina ugomvi navyo, vinasugua taka na kulainisha, weupe havileti ila mng'ao upo. Ila NDIMU muiache kwenye chai. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani yanaunguza, unatoka malengelenge na baadaye alama nyeusi inayokaa miezi. Na dada anashinda kwenye boda.

Sasa nije kwenye swali, itakuwa ndefu nivumilieni.

Vinavyofanya watu wawe weupe haraka kwenye mkorogo ni vitu vitatu, na kopo moja linaweza kuwa navyo vyote. Cha kwanza haidrokwinoni, hii inazuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Daktari wa ngozi anaweza kukuandikia kwa madoa, kipimo kinajulikana, miezi michache kisha unapumzishwa. Ukipaka mwili mzima miaka, tena juani, unapata kile alichokisema MamaWawili, weusi wa bluu kwenye vifundo na mashavu. Madaktari wa Afrika Kusini walishaieleza hali hiyo mwaka 1975 kwa akina mama waliokuwa wanajichubua. Ulaya waliitoa kwenye vipodozi 2001, na kwetu ni marufuku kwenye vipodozi tangu enzi za TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula, dawa na vipodozi. Sa hivi vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019.

Cha pili zebaki. Ndio, zebaki hiihii ya wachimba dhahabu. Inaua rangi kweli ila inaingia mwilini na kwenda kukaa kwenye figo. Nairobi pale, mwaka 1972, madaktari walikuwa wanapokea wanawake wamevimba miguu na uso, protini inatoka kwenye mkojo, kumbe ni krimu za kujichubua. Na haiishii kwako, iko kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mikono unayombebea mtoto. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliruhusu kwanza kiasi kidogo sana, baadaye nchi zikakubaliana kwamba ikifika mwisho wa 2025 kipodozi chenye zebaki kisiwepo kabisa, hata chembe.

Cha tatu ndo hicho kitubu cha elfu 3. Hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, mara nyingi klobetasoli, na klobetasoli ndo kali kuliko zote za kupaka. Ni dawa nzuri sana kwa pumu ya ngozi, sehemu ndogo, kawaida isizidi wiki mbili mfululizo. Kuchanganya kwenye losheni ukapaka mwili mzima kila siku ni kitu kingine kabisa, inapenya, inapandisha presha na sukari, ngozi inakuwa karatasi, fangasi wanatambaa bila kuonekana. Huyo shosti wako kama ameitumia muda mrefu mwambie ASIACHE GHAFLA, aende hospitali apunguziwe taratibu, kwa sababu tezi zake zinaweza kuwa zimezembea kutengeneza homoni yake mwenyewe, akiacha siku moja akaanza kizunguzungu na kutapika hatajua kimetoka wapi.

GlowByMamu:
Hapa naona mnaharibiana biashara tu. Mi nauza mwaka wa nne, wateja hawajawahi kulalamika, wanarudi wenyewe. Mkorogo unategemea na anayekoroga. Krimu zangu ni za nje, zina boksi, sio za mwiko wa ugali.

Mfamasia_Kitaa:
Dada Mamu sina nia mbaya. Wanarudi kwa sababu wakiacha uso unavimba, hilo ndo kosa la dawa yenyewe. Nikuulize kitu kimoja tu, kwenye hilo boksi la nje, kuna sehemu imeandikwa uvue dhahabu au fedha kabla ya kupaka?

GlowByMamu:
Ndiyo ipo, imeandikwa isiguse dhahabu, fedha wala mpira. Huwa nawaambia wateja wavue hereni. Kuna ubaya gani?

Mfamasia_Kitaa:
Zebaki inashikana na dhahabu, waulize wachimbaji. Kampuni inakuomba ulinde hereni, ngozi haijaitaja. Angalia pia kama kuna neno "mercurio" au "calomel", hiyo ni zebaki kwa jina lingine. Na krimu ikiwa na haidrokwinoni utaona ukiiacha wazi inageuka kutoka nyeupe kwenda rangi ya chai.

Kizota_Boy:
Aisee 😳

Mkunga_Mstaafu:
Wanangu hamjambo. Mimi nimefanya leba zaidi ya miaka ishirini, nataka niongeze jambo moja dogo. Mama mwenye ngozi ya mkorogo akichanika au akifanyiwa upasuaji, ukishona uzi unakata nyama kama unashona tambi. Unashona hapa, panaachia pale. Kidonda hakifungi vizuri, wiki inapita. Wengine hawasemi kama wanapaka, unaijua kwa harufu tu ukimfunua. Wewe bibi harusi kama mnategemea kuongeza mtoto mapema, fikiria hapo.

Zabibu_Tamu:
Shikamoo mama. Hilo sikuwahi kusikia hata siku moja. Namba moja na mbili nimefuta. Sasa gluta na seramu?

Mfamasia_Kitaa:
Gluta nifupishe. Haijasajiliwa kama dawa ya kung'arisha ngozi, ushahidi wake ni mwembamba, na hata aliyepata weupe kidogo unaondoka akiacha. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambayo gluta ni kama soda, ilitoa onyo tangu 2011 kuhusu ini, figo na mishipa ya fahamu. Na sindano ya mshipa sebuleni, aliyekuchoma ni msusi, ukipata mzio atakufanyia nini? Laki nne na themanini hiyo, dada, ni ukumbi nusu.

Seramu ndo inakufaa ila nikwambie ukweli, haikufanyi mweupe. Inakurudisha kwenye rangi yako, ile iliyopo chini ya mkono wako kwa ndani, hiyo ndo mwisho wa reli. Niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 inapunguza rangi kusafirishwa kwenda juu ya ngozi, inachukua wiki 8 mpaka 12, wewe una kama 12, umewahi. Kwa hiyo ramani ya mashavuni, madoa ya ujauzito ni mabishi, asidi ya azelaiki inasaidia na hata mjamzito anaruhusiwa. Vitamini C nzuri pia ila kwa joto la nyumba za bati inaharibika, ikigeuka kahawia tupa. Na kama unatumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni muulize nesi, wakati mwingine ndo vinayalisha hayo madoa.

Ila ukinunua seramu bila losheni ya jua umetupa hela. Madoa hayo yanaamshwa na jua, paka rudi, paka rudi. SPF (kiwango cha kukinga jua, kimeandikwa kwenye chupa) iwe 30 kwenda juu, kipimo ni mistari ya vidole viwili kwa uso na shingo, unarudia kila baada ya masaa mawili ukiwa nje. Yenye rangi ya ngozi ni bora zaidi kwa madoa kwa sababu inazuia na mwanga wa kawaida.

Zabibu_Tamu:
Nilishawahi kupaka ya mtu ofisini, uso ukawa kama nimetoka kusaga unga halafu vumbi la Dom lote likagandia hapo 😭

BintiLiwa:
Hiyo ya rangi haifanyi hivyo. Mi napaka, nasubiri ikauke kama robo saa ndo natoka. Na vaa soksi za mikono, wale madada wa boda wanauza elfu 5, saa na mkono vitafanana vyenyewe.

Kizota_Boy:
Hizo losheni si ndo wanapewa ndugu zetu wenye ualbino?

Mkunga_Mstaafu:
Ndiyo mwanangu, kule hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza wenyewe losheni ya jua kwa ajili yao. Wao ni ya kuokoa maisha, saratani ya ngozi inawamaliza. Halafu huku mwenye kinga yake ya asili anailipia aiondoe. Nimewaza tu.

Zabibu_Tamu:
Narudi na mrejesho wiki ya sita maana wengi mnauliza pm. Nimenunua niasinamaidi na losheni ya rangi, soksi za mikono za elfu 5, helmeti nimepata yenye kioo. Madoa yapo ila kingo zimefifia, ramani imebaki mikoa miwili mitatu. Alama ya saa imeondoka kabisa! Weupe hakuna, Mfamasia hukudanganya. Shosti wa tyubu nimempeleka hospitali mwenyewe, alikuwa na presha na hajui, ana miaka 27. Dada wa sokoni kila nikipita ananiambia "bibi harusi mbona unachelewa".

GlowByMamu:
Mimi yale maboksi nimeangalia. Calomel ipo. Nina katoni mbili ndani, hela ya kikoba, naombeni mnishauri bila kunitukana.

Mfamasia_Kitaa:
Hakuna wa kukutukana. Usiuze, usimwage kwenye sinki wala usichome moto, mvuke wake ndo mbaya zaidi. Funga vizuri, weka mbali na jikoni na watoto, peleka ofisi ya TBS uwaeleze. Hela ya kikoba imeenda, pole sana.

MamaWawili:
Na mimi jamani? Miaka yote hii nimeacha, mikono ndo hivyo. Hivi vidole vitarudi?

Mfamasia_Kitaa:
Dada yangu, weusi ule wa bluu ni mgumu, sitakuuzia matumaini. Vikikingwa na jua vinaweza kufifia kidogo kidogo kwa miaka. Muone daktari wa ngozi avitazame, na usipake chochote cha kuvichubua ukidhani utavilinganisha, vitaongezeka.

MamaWawili:
Sawa. Nilikuwa najua ila nilitaka kusikia kwa mtu.

Zabibu_Tamu:
Dada, uko Dom hapahapa si ndio? Nitumie namba pm nikuletee kadi. Kamati inataka mtu wa kubeba lile shada kubwa, linafunika mikono yote.