Hipnotherapia, tiba ya mazungumzo au dawa: kipi kwa shida ipi?

Nzuguni_B: Wakuu, tulinganishe njia hizi tatu, yaani hipnotherapia (tiba kwa hipnosi: mtu anaingizwa katika utulivu mzito wa akili na kupewa maelekezo), tiba ya mazungumzo na dawa, kwa shida tatu: tumbo linalosokota miezi na miezi bila ugonjwa kuonekana, hofu ya kitu kimoja kama sindano, na kukosa usingizi. Na anayejiita mtaalamu wa hipnosi hapa Dodoma, anatambuliwa na nani?

Saikolojia_Makole: Hipnotherapia ina nguvu zaidi kwenye tumbo. Daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha matokeo yao ya kutibu tumbo kwa hipnosi mwaka 1984, na leo mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaitaja, pamoja na tiba ya fikra na tabia (aina ya tiba ya mazungumzo), kwa mgonjwa ambaye dawa hazijamsaidia kwa miezi 12. Maana yake mlo na dawa vinatangulia.

Usingizi: anza na tiba ya fikra na tabia. Vidonge viwe vya muda mfupi, kwa maelekezo ya daktari.

Hofu: kinachoponya ni kukizoea kitu hatua kwa hatua. Picha ya sindano, kisha sindano mezani, kisha kuishika, na hupandi ngazi mpaka woga wa ngazi uliyopo ushuke. Lakini angalieni hapa. Wengi wanaoogopa damu na sindano huzimia kwa sababu presha inashuka ghafla, na ukiwalegeza kwa hipnosi unawasogeza karibu na kuzimia. Wafundishwe kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, waachie sekunde 20 hadi 30, warudie mara 5.

Daktari_AreaD: Naongezea kwenye tumbo. Choo kipimwe kwanza, amiba na minyoo bado vipo kwetu. Damu kwenye choo, kukonda, upungufu wa damu, au maumivu yanayokuamsha usiku: hospitali, na hipnosi isubiri. Mwenye kusikia sauti au kuona visivyokuwepo asilazwe kwenye kochi la hipnosi. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa hapa mjini.

Nzuguni_B: Asante daktari. Kikao chenyewe kinakwendaje?

Saikolojia_Makole: Dakika 45 hadi 60, na kwa tumbo kwa kawaida vikao 7 hadi 12. Cha kwanza ni historia na maelezo tu. Vinavyofuata: mgonjwa anakazia macho sehemu moja, anapumua taratibu, mtaalamu anahesabu kumzamisha. Kisha anaweka kiganja tumboni na kuelekezwa ahisi joto likituliza utumbo. Mwisho anaamshwa kwa kuhesabu. Hapa ndipo watu huharibu kwa haraka: asipoamshwa vizuri anatoka na kizunguzungu, kwa hiyo akae dakika 10 au zaidi kabla ya kupanda bodaboda. Nyumbani asikilize rekodi kila siku. Asiyefanya zoezi hili mara nyingi hapati nafuu ya kudumu. Na wakati wa kikao mgonjwa hasinzii: anasikia kila kitu, na anaweza kukataa.

Mtaalamu akitaka "kufukua" kumbukumbu za utotoni, ondoka. Hipnosi inaweza kumfanya mtu aamini kwa uhakika mambo ambayo hayakutokea.

Chimwaga_2: Kuhusu kutambuliwa: chama cha madaktari cha Uingereza kiliikubali hipnosi kama tiba mwaka 1955, cha Marekani mwaka 1958. Hata hivyo Uingereza yenyewe jina "hipnotherapisti" halilindwi na sheria, yeyote anaweza kulitumia. Kwa hiyo cheti cha wikiendi kisikubabaishe. Uliza taaluma yake ya msingi. Akijiita daktari, jina lake liwe kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Akisema ni tiba mbadala, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Omba namba ya usajili, kisha uihakiki kwenye baraza husika. Anayekwepa swali hilo, mpite.

Daktari_AreaD: Na kwa anayetoka Kongwa au Mpwapwa: uliza bei ya vikao vyote kabla ya kuanza, pamoja na nauli. Na dawa za presha, kifafa au sukari usiache hata kama hipnotherapisti amekwambia uache.