Nadai pesa za chakula tangu miezi kadhaa: niendelee kupika au nisimamishe?

MamaPishi_Kampemba: Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninapika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa kampuni moja ya vyuma hapa Lubumbashi, ambayo nayo imepewa kazi na mgodi mmoja wa upande wa Kolwezi. Tulikubaliana nilipwe kwa dola kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza walilipa vizuri, wa pili wakalipa nusu, na tangu hapo kila nikipeleka ankara naambiwa kwamba mgodi haujawalipa. Mwenye duka la unga unaotoka Zambia kupitia Kasumbalesa hataki kusikia habari za mgodi. Anataka pesa zake kabla mfuko haujatoka dukani. Nikisimamisha chakula nitampoteza mteja, nikiendelea mtaji utakwisha. Nifanyeje?

Fundi_Katuba: Pole sana, mama. Mimi ni mchomeleaji, na mteja mmoja wa mtaa wa Golf alinizungusha kwa ajili ya geti mpaka nikachoka kupiga simu. Siku hizi sikati chuma kabla ya kupokea nusu ya bei, na geti haliondoki karakanani kabla ya nusu ya pili.

Yaya_Béa: Fundi, geti lisilolipiwa hubaki kwako, lakini bukari, yaani ugali, ikishaliwa haidaiwi irudi. Kinachoniuma ni matajiri wanaoshiba jasho la mama wa watu huku magari yao hayakosi mafuta. Wamwogope Mungu.

Karani_Lushi: Turudi kwenye swali. Je, una mkataba au hati ya kuagiza? Tangu Kongo ijiunge mwaka 2012 na OHADA, yaani umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, mfanyabiashara anaweza kumwomba rais wa mahakama ya biashara atoe amri ya kulipa bila kupitia kesi ndefu, mradi deni litokane na makubaliano, kiasi chake kijulikane, na muda wa kulipa uwe umefika. Mdaiwa ana haki ya kuipinga amri hiyo, na hapo ndipo karatasi huamua.

MamaPishi_Kampemba: Ninalo daftari ambalo msimamizi hulitia sahihi kila sufuria zinapoingia.

Karani_Lushi: Daftari ni ushahidi mzuri wa kupokea, lakini bei ulikubaliana na nani? Mbona hutaji mkataba?

MamaPishi_Kampemba: Sikutaka kulisema hapa. Mwenye kampuni ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na bei tulikubaliana kwa mdomo nyumbani kwetu. Huyohuyo ndiye aliyewalipia wanangu karo mwaka jana, kwa hiyo habari ya mahakama sitaki kuisikia. Tena nimeshamkubalia kupikia kundi la pili, na zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilipofika pesa zote nimezinunulia unga. Msinilaumu, kwa sababu nikikataa ataleta mpishi mwingine na deni la zamani litasahauliwa.

Mchunguzi243: Hadithi hii naitilia shaka. Ilianza na kampuni, sasa ni shemeji. Tena kazi iko Kolwezi, takriban kilomita 300 kutoka hapa, na sufuria ziko Kampemba, humuhumu Lubumbashi. Huyu mama anatujaribu.

MamaPishi_Kampemba: Vyuma vinachomelewa hapa Kampemba, kisha malori huvipeleka Kolwezi. Ukurasa wa jana umeandikwa hivi: bukari, sombe (majani ya muhogo) na samaki, sahani 46, chini yake msimamizi ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba sahani 4 zimerudi, ndipo akatia sahihi. Nitabuni hata sahani zilizorudi?

Fundi_Katuba: Mimi namwamini. Hayo ni maneno ya mtu anayefanya hesabu kila jioni.

Karani_Lushi: Nami namwamini. Mama, bila mahakama bado una njia. Mwombe shemeji, mbele ya mkubwa wa familia, atie sahihi hati ya kukiri deni yenye kiasi chote na tarehe za kulipa kidogokidogo. Akisema mgodi haujamlipa, mjibu kwa heshima kwamba wewe hukufanya makubaliano na mgodi. Kama hukukubali tangu mwanzo kungoja pesa za mgodi, ucheleweshaji huo ni wake. Karo aliyolipa mshukuru kando, isiingie kwenye hesabu ya sufuria.

MamaPishi_Kampemba: Mbele ya mkubwa wa familia nitakwenda. Lakini kundi la pili linaanza Jumatatu, na unga hauwezi kukaa hadi uingie wadudu.

Karani_Lushi: Basi anza, lakini kwa malipo ya kila wiki na kwa barua. Ijumaa isipolipwa, Jumatatu inayofuata usiwashe moto.

MamaPishi_Kampemba: Barua niiandike kwa Kiswahili?

Karani_Lushi: Kwa Kifaransa, kwa sababu ndicho kinachotumika ofisini na mahakamani. Peleka nakala mbili, na ile utakayorudi nayo igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe.